Begi la kwenda Iowa: mwongozo kamili wa kumpelekea ndugu anayeishi mashambani ughaibuni vitu asivyovipata

Safari yangu ya kwanza kwenda kwa mdogo wangu nilibeba kilo kumi za sembe. Anaishi mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Iowa, Marekani, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Kutoka uwanja wa ndege wa Omaha hadi kwake ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na njia nzima nilichokiona dirishani ni mahindi. Kulia mahindi, kushoto mahindi, mbele mahindi hadi macho yakachoka. Ndilo jimbo linaloongoza kwa mahindi Marekani, na mimi nimetoka Dar nimekumbatia mfuko wa unga wa mahindi.

Mdogo wangu alipoufungua alicheka hadi akakaa chini. Lakini hakuurudisha. Yale mahindi ya njano ya barabarani ni ya kulisha mifugo na kutengenezea ethanoli, si ya binadamu, na kwenye supamaketi yao sembe nyeupe ya ugali haipo. Siku ya tatu ndipo akaniambia kwa upole kwamba unga ule angeweza kuuagiza mtandaoni ukaletwa mlangoni. Alichokuwa anakihitaji ni dagaa, na cheti chake cha kuzaliwa kilichokuwa kwenye droo ya mama, Tanga. Vyote viwili sikuvibeba, kwa sababu sikuuliza.

Tangu hapo nimekwenda mara mbili zaidi. Nitakayoyaeleza hapa yanamhusu hasa mtu wa Marekani ya mashambani, ambako duka la Kiafrika liko mbali. Aliyeko Minneapolis au Washington huenda hahitaji begi lako kabisa. Amezungukwa na maduka.

Hatua ya 1: Uliza sufuria

Ukimuuliza ndugu yako "nikuletee nini?" atakujibu "njoo tu dada, usijisumbue". Ni adabu. Jibu hilo usilitumie.

Muulize hivi: mara ya mwisho ulitaka kupika nini ukashindwa, na kilichokosekana kilikuwa nini? Hapo utasikia mambo. Wangu aliniambia alipika mlenda kwa bamia peke yake, ukawa "kama supu ya wagonjwa wangu". Basi nikajua: mlenda wa unga. Akasema pilau lake halina harufu ya nyumbani. Iliki, karafuu na mdalasini anavyo; kilichokosekana ni ule mchanganyiko anaousaga mama, ambao hata mimi sijui kipimo chake.

Halafu mwombe akuchoree duara tatu. La kwanza ni vitu anavyovipata ndani ya nusu saa kwa gari. La pili ni saa mbili au tatu: kwa wangu hiyo ni Des Moines, mji mkuu wa jimbo, ambako kuna Wakongomani na Warundi wengi, baadhi yao waliopitia kambi za Kigoma, na maduka yao yanauza vyakula vya kwetu. La tatu ni vinavyokuja kwa posta akiagiza mtandaoni. Begi lako ni la vitu vilivyo nje ya duara zote tatu, pamoja na vile ambavyo duara la pili linaviuza kwa bei ya kuumiza.

Muulize pia karatasi. Watu wengi hawazikumbuki hadi siku zinapohitajika. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, picha za zamani za wazazi: vyote hivi havina uzito, na kuvituma kwa posta kunamtia mtu jasho. Hivi vinakaa kwenye mkoba wako wa mkononi, havishuki kwenye begi la chini hata kidogo.

Hatua ya 2: Jua kilichopo kule kwa jina lingine

Hapa ndipo kilo nyingi zinapookolewa. Miji midogo ya Iowa yenye viwanda vya nyama ina wahamiaji wa kila namna: Wamexico, Waguatemala, Walao (watu wa Laos, kule Asia). Kila jamii ina kiduka chake, na nusu ya jiko la Mswahili limo humo, ila limebadilishwa jina.

Kwa Wamexico utakuta muhogo mbichi ukiitwa yuca, umepakwa nta ili usikauke. Utakuta ukwaju mzima kwenye maganda yake, unaitwa tamarindo. Mbaazi zimo kwenye makopo yaliyoandikwa gandules. Ukiziunga kwa tui la kopo na kitunguu, asubuhi ya Jumapili ukala na maandazi, huwezi kulalamika. Kuna ndizi za kupika, pilipili za kila aina, utumbo na miguu ya ng'ombe. Kwa Walao na Waasia wengine utapata tui, nazi iliyokunwa na kugandishwa, na ukibahatika majani ya matembele na mchicha.

Tahadhari moja: unga mweupe wa mahindi wa Wamexico, ule wa kutengenezea chapati zao, usidhani ni sembe. Mahindi yake huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Mdogo wangu aliusonga ugali mara moja. Ulishikana vizuri tu, lakini ukitia tonge mdomoni unasikia ukuta uliopakwa chokaa jana.

Ulezi nilibeba safari ya pili, kilo nne, kwa ajili ya uji wa mtoto. Baadaye tukagundua kwamba Wahindi wanauita ragi, wanauuza mtandaoni umesagwa tayari, na unafika hadi kwenye sanduku la barua la shambani. Kilo nne za bure.

Kwenye maduka ya Wakongomani na Warundi tumia majina yao. Kisamvu ni sombe au pondu, kimesagwa na kugandishwa. Dagaa ni ndagala. Unga wa muhogo tafuta fufu. Mdogo wangu aliwahi kuzunguka duka zima Des Moines akiulizia kisamvu, na mwenye duka akamwambia hakijawahi kuwepo, huku friji imejaa.

Kinachobaki baada ya mchujo huo, kwa upande wetu, ni hiki: dagaa wakavu safi, mlenda wa unga, bizari ya pilau ya nyumbani, achari ya embe, ubuyu, kanga na vitenge, kofia za mkono, na vitabu vya watoto vya Kiswahili. Cha mwisho usikidharau. Mtoto anayekulia katikati ya mashamba ya soya hana mahali pengine pa kuona Kiswahili kimeandikwa.

Hatua ya 3: Chuja kwa sheria ya forodha

Kabla hujanunua chochote, pitisha orodha kwenye chujio la mpakani. Marekani haina mchezo na mazao ya kilimo, na Iowa ikupe picha ya sababu: ina nguruwe zaidi ya milioni 20, wakati watu ni milioni tatu na kidogo. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba, na virusi vyake huishi ndani ya nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi. Soseji moja iliyotupwa jalalani ikaliwa na nguruwe inaweza kufunga soko la jimbo zima. Ukilijua hilo, hutamwona afisa kuwa mkorofi.

Basi acha nyumbani nyama ya aina yoyote: iliyokaushwa, ya kukaanga, kuku, soseji. Acha mayai. Acha samli na maziwa ya unga. Hata pale ambapo vinaweza kupita, mabishano yake hayana tija. Angalia viungo vya mchuzi vya pakiti na vile vya vipande: vyenye nyama au kuku ndani yake navyo vinahesabiwa kuwa nyama. Soma maandishi madogo nyuma ya pakiti, usisome picha ya mbele.

Acha matunda na mboga mbichi zote, pamoja na tangawizi mbichi na majani ya mlimao. Hata mchaichai mkavu haupiti. Viungo vikavu vingi vinaruhusiwa lakini huo na majani ya jamii ya ndimu vimetolewa. Mbegu za kupanda zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo usizifiche kwenye soksi. Mchicha na bamia, mbegu zake zinauzwa kule kule.

Mchele, maharage na choroko viache. Nafaka na mikunde mizima hubeba wadudu wa ghala, na kuna mmoja aitwaye khapra ambaye Wamarekani wanamwogopa kuliko nyoka. Halafu mchele na maharage wanayo, wa nini kubishana?

Papa mkavu, najua watu wa Tanga na Pemba mtaniuliza. Aina nyingi za papa ziliingizwa mwishoni mwa 2022 kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuzivusha mpaka kunataka vibali. Mwache. Makombe ya baharini na matumbawe vivyo hivyo. Vinyago vya mpingo vilivyokamilika havina shida kama mzigo wote hauzidi kilo 10 za mti huo.

Vinavyopita kwa kawaida, mradi utavitaja: samaki wakavu, majani ya chai, kahawa iliyokaangwa, bizari na viungo vilivyosagwa, unga uliofungwa kiwandani, asali, korosho na karanga zilizokaangwa, achari, biskuti, kashata. Ubuyu wa Zanzibar wenye rangi na sukari una kokwa ndani, kwa hiyo uamuzi ni wa afisa. Wangu ulipita mara moja, na mara nyingine nikabeba wa unga ili nilale usingizi.

Dawa: beba zako tu, na karatasi ya daktari. Dawa za kienyeji za unga zisizo na lebo usizibebe hata kama ni za bibi. Mirungi ni marufuku kabisa Marekani. Na kumbuka njia unayopita nayo ina sheria zake: ukiunganisha ndege Dubai, dawa kama tramadol na zenye kodeini ni kosa kubwa bila kibali.

Kwa anayeelekea Ulaya, neno moja tu. Nchi za Umoja wa Ulaya zinakataza nyama na maziwa kutoka kwetu, lakini samaki zinaruhusu hadi kilo 20 kwa matumizi binafsi. Na tangu 14 Desemba 2019 karibu kila tunda bichi linahitaji cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo wa Ulaya anaweza kupelekewa nazi nzima, na wa Iowa atakula ya kopo. Ndiyo dunia.

Hatua ya 4: Dagaa, kwa kirefu

Dagaa wana hatua yao peke yao kwa sababu ndio wanaoombwa kuliko kitu chochote, na ndio wanaoharibika kwa uzembe.

Nunua wa Kigoma kama mfuko unaruhusu. Ni wakubwa kidogo, hawana uchungu, na hawana mchanga mwingi kama wale wanaoanikwa chini. Shika konzi moja, ivunje: dagaa aliyekauka vizuri analia "ka". Akipinda bila kuvunjika ana maji, na ataota ukungu ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla hujafika. Chunguza chini ya gunia, si juu. Ukiona vumbi kama unga wa mbao au viganda vya funza, sogea meza nyingine, hata kama mwenye meza ni shemeji.

Nyumbani wachambue, toa vichwa na matumbo. Kazi hii inachosha, inataka watu watatu na redio, lakini inapunguza uzito, inaondoa uchungu, na afisa akifungua mfuko anaona samaki safi badala ya takataka. Usiwaoshe; maji ndiyo adui. Wapitishe kwenye kikaangio kikavu, moto mdogo, dakika chache hadi wawe wa moto wote, kisha waache wapoe kabisa kwenye sinia. Ukiwafunga na joto watatoa jasho.

Weka kwenye mifuko midogo ya nusu kilo, siyo mmoja mkubwa. Kama jirani ana mashine ya kunyonya hewa, mpe soda akufungie. Miiba ya dagaa hutoboa plastiki, kwa hiyo watangulize kwenye bahasha ya karatasi ndipo uwatie kwenye mfuko wa mashine. Kisha waweke kwenye friza siku tatu hadi nne. Baridi hiyo inaua mayai ya wadudu ambayo jicho halioni. Watoke friza siku ya safari, mifuko ifutwe unyevu.

Kama yote haya ni mengi, nunua waliofungwa tayari, wenye lebo ya kiwanda na alama ya TBS. Utalipa zaidi, ila karatasi yao inaongea kwa niaba yako.

Hatua ya 5: Kufunga begi

Mashirika mengi yanayokwenda Marekani huruhusu mabegi mawili ya kilo 23, lakini soma tiketi yako, si ya rafiki yako. Nunua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Funga kwa kilo 22. Kilo moja iliyobaki ni ya mizani ya uwanjani, ambayo haijawahi kukubaliana na ya mtu yeyote.

Gawa kila kitu mara mbili. Nusu ya dagaa begi hili, nusu lile. Begi moja likichelewa au likifunguliwa, mwenyeji hakosi vyote.

Unga na bizari viende begi la chini. Kwa ndege zinazoingia Marekani, unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 kwenye mkoba wa mkononi unaweza kuzuiwa tangu katikati ya 2018, na nimemwona mzee wa watu akiacha unga wake wa muhogo mlangoni mwa ndege.

Kanga na vitenge visikunjwe vikawekwa juu kama vya dukani. Vifungie chupa za achari na asali. Kanga ndiyo sponji bora kuliko plastiki yoyote ya kununua, na haiongezi hata gramu. Kila chupa ipigwe selotepu kwenye mfuniko, itiwe mfuko wa zipu, ndipo ivikwe kanga.

Mafuta ya nazi: usiyatie kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Mimi niliyatia. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Iowa mwezi Januari inashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Chupa ilikaa kabatini kama mshumaa, na kila akitaka kujipaka mdogo wangu aliiloweka kwenye maji ya moto. Tumia kopo la mdomo mpana, achote kwa kijiko.

Kibao cha mbuzi, kinu, chungu: vinaruhusiwa, mti ukiwa mkavu, umechongwa, hauna gome wala tundu za wadudu. Lakini pima furaha kwa kilo. Kibao nilichobeba kilikula robo ya begi, meno yake niliyafunga kwa kitambaa na boksi, na sasa kinapamba sebule kwa sababu nazi iliyokunwa inauzwa. Mwiko mzuri wa ugali, kwa upande mwingine, ni gramu mia mbili na unatumika kila siku.

Mwisho andika orodha kwa Kiingereza chepesi: samaki wadogo wakavu, majani ya chai, viungo vya unga, maembe ya kachumbari, na uzito wa kila kimoja. Usiandike "mlenda" ukategemea afisa aujue. Andika majani makavu ya mboga yaliyosagwa. Nakala moja ikae juu kabisa ndani ya kila begi, moja kwenye pasipoti.

Hatua ya 6: Mizigo ya watu

Ukishatangaza safari, watakuja. Huyu ana shangazi Texas, yule ana kifurushi "kidogo tu" cha mtoto wa rafiki yake. Iowa na Texas kwao ni mtaa mmoja.

Kanuni yangu: sibebi nisichokifunga mwenyewe. Alete vitu vikiwa wazi, nivione, nivifunge kwa mkono wangu. Akinuna, anune. Mwulizwa uwanjani ni wewe, na swali "nani alifunga mzigo huu?" halina jibu la kisiasa.

Hatua ya 7: Meza ya forodha

Mabegi yako utayachukua kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani unaotua, hata kama tiketi inasema Omaha. Utavuka nayo forodha, kisha utayarudisha kwenye mkanda kwa ndege ya ndani. Acha angalau saa tatu kati ya ndege na ndege. Dakika tisini hazitoshi kwa mtu mwenye dagaa.

Pale mabegi yanapozunguka utaona mbwa mdogo wa aina ya beagle mwenye koti la kazi. Hatafuti unga wa kulevya, anatafuta chakula. Mimi alikaa chini mbele ya begi langu kama anayesubiri hadithi.

Ukiulizwa kama una chakula, jibu ni ndiyo. Sio "kidogo", sio "vitafunwa tu". Ndiyo, na hii orodha. Ukitaja kitu kisichoruhusiwa, watakichukua na mambo yanaishia hapo. Usipotaja wakakikuta, faini inaweza kufika dola 1,000 kwa kosa la kwanza, hata kama kitu chenyewe ni embe moja la njiani.

Nilipelekwa meza ya pembeni, Chicago. Afisa, baba wa makamo mwenye glavu za bluu, alisoma orodha yangu mstari kwa mstari huku akigusa kila mfuko. Dagaa aliwageuza, akaangalia kama kuna wadudu, akauliza wanapikwaje. Nikamwambia: kitunguu, nyanya, pilipili. Akatikisa kichwa, sijui cha kukubali au cha kuwahurumia. Kisha akatoa kile kimfuko cha mchaichai ambacho mama alikichomeka dakika ya mwisho nami nikakiongeza kwenye orodha kwa kalamu. Akakiweka kwenye pipa, akanishukuru kwa kukitaja, akanifungulia njia. Dakika kumi na mbili zote.

Swali jingine watakalouliza: umekuwa shambani au karibu na mifugo? Kama umetoka kijijini kuaga, jibu ndiyo, na viatu vyako viwe vimesuguliwa tope lote kabla ya safari. Usivae kwenda Iowa kiatu ulichoingia nacho bandani.

Zawadi: mgeni anayekaa saa 72 au zaidi anaruhusiwa zawadi za hadi dola 100 bila ushuru. Weka risiti za kanga.

Hatua ya 8: Kipande cha mwisho

Ukitua mji mkubwa na huna safari ya kufika mashambani, usikate tamaa. Posta ya Marekani ina maboksi ya bei moja: ujaze hadi ratili 70, bei ni ile ile, kinachopimwa ni boksi si uzito. Yanafaa sana kwa vitu vizito vidogo kama achari na vitabu. Mhakikishie ndugu yako anwani. Watu wengi wa mashambani hutumia sanduku la posta, na makampuni binafsi ya vifurushi kwa kawaida hayapeleki kwenye sanduku. Posta yenyewe inapeleka.

Kutuma moja kwa moja kutoka nyumbani ninakuweka mwisho kabisa. Tangu 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800. Zawadi halisi za mtu kwa mtu zimebaki na kikomo cha dola 100. Kwa karatasi na kanga sawa, kwa chakula tafuta mtu anayesafiri.

Kama unakwenda mwenyewe, chagua Mei au Oktoba. Januari barabara hufungwa kwa theluji, nawe utalala hoteli Omaha na dagaa wako.

Ukifika, dagaa waingie friza siku hiyo hiyo. Kwenye kupika, mwambie afungue dirisha na aweke kifuniko: kengele za moshi za nyumba zao ni kali, na sisi tuliwahi kutoka nje na mwiko mkononi, jirani mzungu akatuletea koti akidhani nyumba inaungua.

Hatua ya 9: Hesabu ya miezi sita

Miezi sita baadaye mpigie simu, umwombe afungue kabati mkiwa wote hewani. Kilichoisha ni kipi, kimeisha lini, kilichobaki ni kipi. Usimwulize alichokipenda, atataja vyote.

Kabati la mdogo wangu lilisema hivi. Dagaa kilo mbili: waliisha wiki ya tano, robo wakiwa wameliwa na jirani yake Mkongomani ambaye alikuja kuazima chumvi. Mlenda uliisha. Achari ilibaki nusu chupa. Bizari ya mama ipo kwenye friza, anaitumia kwa kijiko cha chai, Idi na Idi. Majani ya chai, pakiti nne: moja tu imefunguliwa, kwa sababu kazini amezoea kahawa. Vitabu vya watoto vimechanika majalada.

Safari ijayo nimeshaandika: dagaa kilo nne, chai hakuna, bizari mara mbili, na vitabu vya darasa la pili, maana aliyekuwa la kwanza ameshapanda.